Samaki wa dhahabu na uduvi wasitiwe tangi moja, na bakuli si makao ya yeyote kati yao

Mhariri,

Mtu anayenunua samaki wa mapambo kwa mara ya kwanza hapa Nairobi mara nyingi huondoka dukani na vitu vinne kwa mkupuo: bakuli la kioo, mfuko wa nailoni wenye samaki wawili wa dhahabu, uduvi watano au sita wekundu "wa kusafisha uchafu", na kikopo cha chakula. Usiku wa kwanza uduvi wanaanza kupungua. Wiki haijaisha, hawaonekani tena. Wiki ya pili au ya tatu samaki wanapanda juu ya maji wakihema, mapezi yamekunjamana, na asubuhi moja mtoto anaamka na kumkuta mmoja ameelea ubavu. Muuzaji akiulizwa, jibu ni kwamba samaki hao ni dhaifu.

Si kweli, na ndiyo sababu sisi wafugaji wa samaki wa mapambo tunaomba nafasi katika ukurasa wako. Samaki wa dhahabu ni mmoja wa samaki wagumu kuliko wote wanaofugwa nyumbani. Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na akitunzwa huishi miaka 10 hadi 15, wengine hata kupita 20. Anayekufa ndani ya wiki tatu ameuawa na maji. Uduvi naye hakufa kwa ugonjwa, ameliwa.

Tuanze na hilo la kuliwa, maana ndilo swali tunaloulizwa zaidi. Samaki wa dhahabu hula chochote kinachoingia mdomoni mwake. Uduvi mwekundu wa kufugwa akikomaa ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, na mtoto wake ana milimita 2 tu. Wapo wanaosema samaki akiwa mdogo hawezi kummeza, na kweli, samaki wa sentimita 4 atamfukuza tu. Lakini samaki huyo hatabaki na sentimita 4. Wale wa umbo la mviringo, wenye mkia wa kupepea kama leso, hufika sentimita 15 hadi 20. Wale wembamba wenye mkia mmoja hufika 30 na mahali pao ni bwawa la nje. Zaidi ya hayo, uduvi akibambua ganda lake hubaki laini kwa siku moja au mbili na hujificha kwenye majani, nayo majani hayo samaki wa dhahabu huyala. Kugawa tangi kwa wavu hakusaidii sana, kwa sababu uchafu wa samaki hupita upande wa pili na uduvi hawauvumilii. Anayewapenda wote wawili aweke matangi mawili. La uduvi ni dogo na linaweza kukaa rafu ya chini ya meza ileile.

Sasa tangi la samaki. Kwa samaki wawili wa umbo la mviringo, agiza tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40. Likijazwa hadi sentimita 36 linachukua takriban lita 144, yaani mitungi saba ya lita 20 na kidogo juu. Fundi wa vioo analiunda vizuri kwa kioo cha milimita 8, mradi mambo mawili yazingatiwe. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafu ina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu. Pili, aweke vipande vya kioo vya kushikilia kingo za juu ili pande ndefu zisifutuke. Liache likauke wiki nzima, kisha lijaze maji na uliache siku mbili juu ya magazeti makavu kabla ya kuliingiza sebuleni. Gazeti likilowa, arudishiwe fundi.

Uzito ndio unaosahaulika. Maji kilo 144, kioo karibu kilo 30, mchanga kilo 15: jumla karibu kilo 190 kabla ya kuhesabu meza yenyewe. Stendi ya televisheni haibebi mzigo huo. Mtafute fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma, uweke mbao juu yake na shiti nyembamba ya povu kati ya mbao na kioo, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kioo inaweza kukipasua. Anayeishi ghorofani aliweke kando ya ukuta, si katikati ya sakafu, na mbali na dirisha la jua, la sivyo maji yatageuka kijani kibichi.

Mchanga wa mto wa ujenzi unafaa. Uoshe kwenye beseni mara kumi, mara kumi na tano, hadi maji yatoke meupe. Kokoto zenye ukubwa wa punje ya mahindi ziepuke, kwa kuwa samaki huyu hufukua chini kwa mdomo na kokoto humkwama kooni.

Nairobi ina mambo yake ambayo vitabu vya kigeni havisemi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya mwinuko huo, maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto sawa. Kwa hiyo pampu ya hewa, ambayo kwingine huhesabiwa kuwa nyongeza, hapa ni ya lazima. Baridi kwa upande wake inatusaidia. Samaki wa dhahabu hustawi katika nyuzi 18 hadi 22, na uduvi wekundu katika 18 hadi 26, hivyo hita si lazima. Mwezi Julai maji ya sebuleni yanaweza kushuka hadi 16 au 17. Samaki atapunguza kula tu, nawe mpunguzie chakula.

Halafu chanzo cha maji. Maji ya mfereji yanayotoka Ndakaini na Sasumua huanzia milima ya Nyandarua na ni laini, yana madini machache. Tena yametiwa klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki, yaani viungo vyake vya kupumulia, na kuua bakteria unaowahitaji. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48 huku pampu ya hewa ikiyatibua kwa mapovu, au tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya kisima, hasa yanayoletwa na malori, ni kinyume: mengi yana magadi na floraidi, na pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi au magadi majini, ni ya juu. Usidhani maji ya wiki hii ni sawa na ya wiki iliyopita kwa kuwa yote yametoka tangi moja la juu ya paa. Yapime kila unapoletewa. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye mabati mapya yana zinki, na uduvi hawaihimili.

Tumefika pale ambapo samaki wengi hufia. Samaki hutoa amonia, taka ya mwili wake iliyo sumu, kupitia mashavu yake usiku na mchana. Katika bakuli la lita 5 haina pa kwenda. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia hadi miligramu 40 kwa lita. Bakteria hao hawaelei majini. Hukaa kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye vioo. Tangi jipya hawamo. Ndiyo maana maji yanaweza kung'aa kama ya chemchemi na bado yakaua.

Kuwajenga huchukua wiki 4 hadi 6, na katika baridi ya Juni na Julai hata 8, kwa kuwa bakteria hawa hufanya kazi haraka zaidi maji yakiwa na joto. Jaza tangi, washa filta na pampu ya hewa, usitie samaki. Kila siku tia chakula cha samaki kiasi cha kushika kwa vidole viwili, kioze. Nunua kifaa cha kupimia cha matone. Vile vya karatasi havisomeki vizuri penye kiwango kidogo. Pima mara mbili kwa wiki na uandike. Mwanzoni amonia itapanda. Karibu na wiki ya tatu itaanza kushuka na nitriti kupanda, na hapo wengi huingiwa na pupa. Subiri. Nitriti nayo ikishuka hadi sufuri, huku nitreti ikionekana, tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kifike miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24, amonia na nitriti zikisoma sufuri zote mbili, tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji, kisha lete samaki. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake ni wazima, kiweke kando ya filta yako na muda utapungua sana. Hiyo ndiyo zawadi bora kuliko chupa yoyote ya dawa.

Aliyekwisha kununua samaki kabla ya kusoma haya asiwatupe. Abadilishe theluthi hadi nusu ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, alishe mara moja kwa siku mbili, na apime. Mwenye maji ya kisima awe makini zaidi: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10, ingawa kipimo cha jumla hakijabadilika. Nitriti ikionekana, chumvi gramu 1 kwa kila lita huizuia isipenye mashavu ya samaki. Hiyo ni kwa tangi la samaki peke yake.

Mwenye maji laini ya mfereji ana hatari nyingine, inayokuja taratibu baada ya miezi. Bakteria hula ule ugumu mdogo uliomo majini unaoshikilia pH. Ukiisha, pH huporomoka chini ya 6, bakteria husimama kazi, na amonia hupanda katika tangi ambalo mwenyewe anajua limekomaa. Mfuko mdogo wa wavu wenye makombe yaliyosagwa, ukitiwa ndani ya filta, huzuia hilo. Magadi ya kupikia maharagwe usitumie. Hupandisha pH ghafla.

Kuhusu filta: samaki wa dhahabu ni mchafuzi mkubwa, hivyo kwa lita 144 chukua ya kusukuma lita 800 hadi 1,000 kwa saa, au filta mbili kubwa za sponji zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Sisi tunapendelea za sponji kwa anayeanza. Ni rahisi, haziharibiki, na stima ikipotea, sponji iliyo wazi majini huchelewa kufa kuliko iliyofungiwa ndani ya mkebe. Stima ikipotea zaidi ya saa chache, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu kila baada ya nusu saa, au uwe na pampu ndogo ya betri. Usilishe. Kabla ya kuwasha tena filta ya mkebe, suuza sponji yake kwenye ndoo ya maji ya tangi, maana yaliyooza humo yakirudi kwa samaki ni balaa.

Pampu ya hewa ikikaa chini ya usawa wa maji, lazima mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Bila vali hiyo, stima ikikatika maji hushuka kwenye mpira hadi ndani ya pampu na kumwagika sakafuni. Waya wa kila kifaa uache ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke badala ya kuingia kwenye umeme. Na tunawasihi wanaozima pampu usiku ili kuokoa tokeni: pampu ya wati 5 hutumia uniti moja kwa zaidi ya siku 8. Taa ndiyo ya kuzima. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha.

Siku ya kuleta samaki, acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lisawazike, kisha mtoe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage chooni.

Chakula ni mara mbili kwa siku, kile wanachokimaliza kwa dakika moja au mbili. Tembe zinazoelea ziloweke kwanza, kwa sababu wale wa umbo la mviringo humeza hewa wanapokula juu ya maji na kuanza kuogelea kichwa chini. Mara mbili kwa wiki wape minji iliyochemshwa na kumenywa, au sukuma wiki iliyooshwa sana na kuchovywa kwenye maji ya moto. Mkate na ugali hapana. Huoza haraka na kuchafua maji.

Kila wiki badilisha theluthi ya maji, yaani karibu lita 50, mitungi miwili na nusu. Kwa mgao wa maji tulio nao, mwenye tangi awe na akiba ya mitungi mitatu iliyokwisha tulia, ya samaki peke yake. Nyonya uchafu wa mchangani kwa mpira. Maji hayo machafu ni mbolea nzuri kwa bustani ya gunia, mboga huyapenda. Sponji suuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba, na usiibadilishe kwa mpya eti kwa kuwa pakiti imesema hivyo. Anayeitupa anatupa bakteria aliowajenga kwa wiki sita.

Tangi la uduvi ni raha tupu, tena lina gharama ndogo. Sentimita 45 kwa 30 kwa 30 linatosha uduvi 10 hadi 15 wa kuanzia, na filta moja ya sponji. Lipitishe katika safari ileile ya wiki sita, kisha liongeze wiki mbili au tatu nyingine, hadi uone utando wa kijani na kahawia kwenye vioo na majani, kwa sababu utando huo ndio chakula chao cha kila siku. Jaza majani laini ya kujishikiza kama mosi ya Java. Maji yetu ya mfereji yana kalsiamu kidogo, na uduvi asiyekuwa nayo hushindwa kubambua ganda. Utaona mstari mweupe umemzunguka mgongoni, kisha anakufa. Kipande cha mfupa mweupe wa ngisi, ule unaowekwa kwenye vizimba vya ndege, kikiachwa ndani ya tangi hutatua jambo hilo. Ganda tupu ukiliona chini usilitoe, watalila wenyewe.

Uduvi hawapendi mabadiliko ya ghafla. Waingize kwa kudondosha maji ya tangi kwenye chombo chao kupitia mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili au matatu kwa sekunde, kwa saa moja hadi mbili. Maji yao badilisha asilimia 10 hadi 15 tu kwa wiki. Wakiridhika, jike atabeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo na baada ya wiki tatu au nne utaona vijitoto vinavyofanana na wazazi wao.

Yapo mambo mawili yanayowaua wote kwa siku moja. La kwanza ni shaba, iliyomo katika dawa nyingi za samaki. Soma kibandiko, na usitumie maji ya moto ya shawa ya umeme. La pili ni dawa ya kupuliza mbu na mende. Kiasi ambacho binadamu hahisi hata harufu yake kinamaliza tangi zima, kwa kuwa pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini. Ukilazimika kupuliza, hamishia pampu chumba kingine kwa mpira mrefu, funika tangi kwa taulo iliyolowa, fungua madirisha saa kadhaa. Bora zaidi, tumia neti.

Mwisho tunawaomba wanaochoka na samaki wao wasiwamwage mtoni wala bwawani. Ziwa Naivasha lilitiwa kamba wa Marekani mwaka 1970 na wakafyeka mimea ya majini. Baadaye akaingia kapi, jamaa wa karibu wa samaki wa dhahabu, anayevuruga tope la ziwa hilo. Nao uduvi wa kigeni hawana kazi katika maji yenye uduvi wake wa asili, kama ochong'a wa Ziwa Viktoria. Mrudishie muuzaji, au mpe jirani mwenye tangi. Na wauzaji, tafadhali: kabla hamjafunga mfuko, mwulizeni mnunuzi tangi lake lina lita ngapi na limewashwa kwa wiki ngapi. Akisema ni la leo, muuzieni filta na chakula, na mmwekee samaki wake hadi mwezi ujao.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Nairobi